Sentimita 20 zilizonifuata mpaka Kalemie

"Papa, iko tu eskaveta moja." Ndivyo alivyoniambia mteja wangu wa Kalemie kwenye simu, kwa Kiswahili chao cha Kongo, kana kwamba ananiagiza katoni ya sabuni. Mimi hapa Kigoma kazi yangu ni kuvusha mizigo Ziwa Tanganyika kwenda Kongo: saruji, mabati, mafuta ya kula. Gunia likizidi unalipandisha juu ya lenzake. Eskaveta ya tani 20 huipandishi juu ya kitu, na tayari alishailipia kwa muuzaji huko Japani. Nikakubali. Hesabu nilianza kuipiga baada ya kukata simu, jambo ambalo mke wangu bado ananisimanga nalo.

Karatasi ya muuzaji ilisema urefu mita 9.4, upana 2.8, kimo 3. Kontena likafa hapohapo, maana mlango wake una upana wa mita 2.3 na ushee tu. Rafiki yangu fundi akashauri tuifungue: mkono pembeni, cheni pembeni, kila kitu kwenye kontena lake. Akanikumbusha Liemba. Ni kweli, Wajerumani waliiunda ile meli Papenburg, wakaivunja tena, wakaipakia kwenye makreti kama 5,000, ikashuka Dar es Salaam, ikaletwa huku kwa reli ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914 tu, ikashushwa ziwani 1915. Lakini wale walikuja na mafundi wao pamoja na serikali yao. Mimi nina tandiboi wawili na spana za kuazima. Ukiifungua eskaveta, paipu za haidroliki zikiingia mchanga umenunua ugonjwa.

Kwa hiyo tukaipeleka kwenye meli ya magari, ile ambayo mzigo unapanda kwa miguu yake na kushuka kwa miguu yake. Meli hizi hutoza kwa mita za ujazo. Zidisha 9.4 kwa 2.8 kwa 3, unapata 79. Nikamtumia mteja bei hiyo, akalipa bila kelele.

Wiki mbili baadaye bili ikaja imeandikwa mita za ujazo 85. Nilipiga simu nikiwa nimeshavimba. Yule dada wa ofisi ya usafirishaji hakubishana, akanitumia picha moja: tepu ya njano imenyooshwa chini ya mashine, kucha ya mtu imebana kwenye mita 3.00. Nikaikuza picha mpaka ikachanikachanika. Mabamba ya cheni hayakuwa yale ya kawaida ya milimita 600. Mwenye mashine wa kwanza, nadhani alikuwa akichimba kwenye majaruba ya mpunga au matope ya aina hiyo, alifunga ya milimita 800. Kutoka katikati ya cheni hii hadi katikati ya ile ni mita 2.2, ongeza bamba la 800, una mita 3 kamili. Muuzaji alinakili kipimo cha kitabu cha kiwandani. Mashine yenyewe hakuna aliyeipima.

Sentimita 20. Nafasi ya kiganja kilichonyooshwa. Mteja alilipa nyongeza, ila sauti yake kwenye simu ilianza kubadilika.

Dar es Salaam sikukaa sana na sina mengi ya kusema. Betri ilikuwa imekufa, ikaamshwa kwa waya, ikashuka melini yenyewe. Kazi ilikuwa kwenye kibali. Wengi wanadhani mizani ndiyo kila kitu, kwamba ukiwa chini ya tani 56 za sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 basi umepona. Sisi lori, lobedi (trela la chini la kubebea mashine) na mashine vyote pamoja havikufika tani 45. Lakini upana unahesabiwa peke yake, na mashine iliyotokeza nje ya lobedi pande zote mbili inahitaji kibali cha mzigo maalumu kutoka TANROADS, wasimamizi wa barabara kuu. Wakala wangu alikuwa ameshaombea 2.8, akinakili karatasi ya muuzaji. Ikabidi aombe upya. Nilimwambia, "Kaka, ukiandika 2.8 askari wa kwanza mwenye tepu ametumaliza." Akacheka, ila aliandika 3.0.

Tukapita Dodoma, Manyoni, Tabora, Kaliua, Uvinza. Mchana tu, kama kibali kilivyotaka, gari dogo mbele likiwasha taa na kitambaa chekundu kila kona ya mashine. Kinachochosha ni vijijini, nyaya zinazovuka barabara zikiwa zimelegea. Mkono wa eskaveta ukilazwa vizuri unafika mita 3 kutoka chini ya cheni; weka juu ya lobedi, unakaribia mita 4. Tandiboi mmoja alikuwa amepanda juu na mwanzi ili ainue nyaya. Nikasimamisha gari, nikamshusha kwa ukali. Hujui waya upi ni wa simu na upi ni wa umeme, na mwanzi mbichi haujui pia. Baada ya hapo tukawa tunasimama, tunatafuta mwenyeji, tunauliza. Tulipoteza karibu siku nzima kwa kuuliza.

Kigoma tulifika, na mimi nikadhani nimefika.

Mzigo unaokwenda Kongo lazima uwe na FERI, hati ya mtandaoni ya OGEFREM, shirika lao la mizigo, na inaombwa mapema, siyo mzigo ukishafika mlangoni kwao. Wakala mmoja tuliyemwachia kazi hiyo, jina lake nalihifadhi, alikuwa ameombea kwa vipimo vya zamani, na juu ya hapo akakosea tarakimu moja ya namba ya mashine. Kwenye kibati kuna 3, yeye kaandika 8. Ukikiangalia kibati chenye greisi ya miaka kumi na tano unaweza kumsamehe. Mimi sikumsamehe. Siku nne lobedi imesimama na mwenye lobedi anahesabu kila siku yake. Tangu hapo kibati nakisugua kwa dizeli mimi mwenyewe, napiga picha, na kila karatasi inaandikwa kutoka kwenye ile picha.

Sasa ziwa. Boti za mbao za Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, hazina habari na kitu kama hiki. Nilifikiria winchi, nikaacha: winchi la tani 50 linanyanyua tani 50 likiwa limekumbatia mzigo, likinyoosha mkono kuelekea majini, nguvu inashuka vibaya, na tani 20 inaweza kulilaza. Tukakubaliana na tishari lenye mlango wa mbele unaolala ufukoni, mashine ipande yenyewe. Nikapima mlango: mita 3.3 kati ya kingo. Yaani sentimita 15 kila upande.

Ilikuwa Juni 2024, maji ya Tanganyika yamepanda mpaka yamemeza sehemu nyingi tulizozoea kupakilia. Pale tishari lilipoweza kuegemea, nchi kavu ilikuwa tope jeusi. Nilimtafuta opereta mzee, mstaafu wa kazi za barabara. Alifika, akazunguka mashine mara moja, akalikanyaga tope kwa kisigino, kisha akapiga bamba la cheni kwa funguo.

"Haya mapana umeyafunga wewe?"

"Yalikuja nayo, mzee. Yamenitesa tangu Japani."

"Yaache yakutese. Ya 600 hapa yangezama mpaka tumboni."

Kwenye sitaha ya chuma tulitandika mbao nene za mti wa mtundu, kwa sababu chuma juu ya chuma ni sabuni, hasa kukiwa na maji. Mzee akaingia kwa cheni inayotambaa kama kobe, bakiti imeinuliwa kidogo tu kutoka chini. Mimi nilisimama kingo ya kushoto, kijana mwingine kulia, kila mmoja na mkono juu. Mlango ulilalama, tishari likainamisha pua, maji yakapanda kwenye mbao ya kwanza. Hapo mzee akasimama. Hakurudi nyuma wala hakukimbilia mbele. Akaacha tishari litulie chini yake, ndipo akaendelea mpaka katikati. Bakiti ikalazwa chini, pini ya kuzuia kichwa kisizunguke ikafungwa, minyororo minne ikavutwa kimshazari kwenye pembe. Saruji ya mteja mwingine tukaipanga nyuma kusawazisha.

Kiangazi upepo wa kusini hulichafua ziwa, na nahodha alikataa kuondoka siku mbili. Sikumbishia. Siku ya tatu jioni akanitazama akasema twende. Ni zaidi ya kilomita 120, usiku mzima, na kila saa niliamka kugonga minyororo kwa rungu kusikia kama imelegea. Mmoja ulilegea kweli, karibu na alfajiri.

Kalemie tuliingia saa tatu asubuhi kwa saa yangu, saa mbili kwa saa yao. Mteja alikuwa ufukoni na shati jeupe. Mashine ikashuka, yeye akaizunguka, akaweka mkono juu ya bamba lile lile, akaniuliza kwa nini ni pana hivi. Nikamwambia ndizo zile sentimita 20 alizolipia. Akacheka sana, akaninunulia mgebuka wa kukaanga, na katikati ya kula akafuta mikono.

"Papa, iko tu buldoza moja."

Nikamwambia anitumie kwanza picha ya buldoza hiyo, na tepu imenyooshwa kwenye blidi kutoka ncha hadi ncha.