Kutu ya pini ndiyo iliyoniokoa

Mjomba aliuza vitabu vya kale maisha yake yote. Alipofariki aliniachia madeni kiasi na makasha mawili ya barua alizoandikiwa na wateja wake, wengi wao waandishi.

Siku ya kwanza nilikosea. Niliketi sakafuni nikazichambua kwa umaarufu: wenye majina makubwa huku, wasiojulikana kule. Kufika jioni mafungu yalipendeza, lakini barua hazikusomeka. Mshairi mmoja anaandika, “Nakubali, ila si kwa bei hiyo.” Anakubali nini? Bei ipi?

Nilimpigia simu mama mmoja, mhifadhi wa nyaraka. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Mwanangu, umeshazitenganisha?” Nilikuwa nimeshazitenganisha. Mjomba alibana kila barua pamoja na nakala ya kaboni ya jibu lake, nami nilichomoa pini zote kwa kuwa zilikuwa na kutu. Kuzichomoa hakukuwa kosa, maana kutu hula karatasi. Kosa ni kutoandika kipi kilishikana na kipi.

Ila kutu huacha alama ya kahawia, na alama hiyo hupenya hadi karatasi ya pili. Nikaanza kulinganisha: umbali kutoka pembeni, mwinamo wa pini, urefu wa doa. Penye shaka nilitazama mhuri wa posta kwenye bahasha, halafu daftari la mauzo. Kazi ya miezi mitatu, na macho yakaniuma. Sasa kila jozi ina jalada lake lisilo na asidi na namba ya penseli, kamwe si kalamu. Glavu za pamba niliziacha. Hufanya vidole viwe vizito na karatasi huchanika. Mikono iliyooshwa na kukauka inatosha.

Akaja mtu anataka kuzichapisha zote. Karatasi ni zangu, maneno si yangu: hakimiliki ni ya mwandishi na warithi wake, na Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unailinda angalau miaka 50 baada ya kifo chake, nchi nyingi zimefikisha 70. Akaondoka amenuna.

Ile barua ya bei ilipata mwenzake. Mshairi alikuwa akiuza vitabu vyake mwenyewe ili alipe kodi ya nyumba. Nakala ya mjomba ina maneno matatu: “Basi taja wewe.” Daftari linaonyesha alilipa alichotajiwa. Safu ya pili, ya kuviuza vitabu hivyo, iko tupu mpaka leo.