Muhtasari wa kikoba kwa ed na nroff

Jana usiku nimeandika muhtasari wa kikao cha kikoba chetu bila Word, bila mausi, bila hata kuuona ukurasa, nimetumia ed ya kuandikia maneno na nroff ya kuyapanga, programu za enzi za kina babu wa Unix (mfumo wa kuendesha kompyuta) ambazo mpaka leo unazipata kwenye Linux, mfumo uliofuata nyayo zake. Mume wangu kapita nyuma yangu akauliza kwani laptopu imekufa?

Kwa kweli inaonekana hivyo. Ukifungua ed tupu haikukaribishi wala nini, inakaa kimya tu. Unabonyeza a, unaandika mistari yako, ukimaliza unaweka nukta peke yake kwenye mstari, halafu w na jina la faili ya kuhifadhi, inakurudishia idadi ya baiti basi. Amri ikiwa mbovu jibu ni "?" na ujijue mwenyewe. Ken Thompson, mmoja wa waanzilishi wa Unix, aliiandika 1969 kwa watu waliokuwa wanatumia teletaipu, mashine inapiga herufi kwenye karatasi, na ile Model 33 ilikuwa inatoa herufi 10 kwa sekunde, sasa kompyuta ianze kukueleza kwa sentensi nzima kwamba amri haijaeleweka si utakaa hapo mpaka chai ipoe. Nikishalijua hilo ule ukimya wala hauniudhi tena.

nroff ndo inayopanga kurasa. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi, Jerome Saltzer wa chuo cha MIT Marekani alishatengeneza programu ya RUNOFF 1964: maneno unayamwaga tu, amri zinakaa kwenye mstari wake zikianza na nukta, .ce weka katikati, .sp ruka mstari, na kadhalika. Pale Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T ilikozaliwa Unix, akaja Joe Ossanna na nroff, halafu troff kwa mashine ya kupanga chapa. Na hapa pana kisa nakipenda, kina Thompson walikuwa wanaitaka kompyuta ya PDP-11, wakubwa hawataki kutoa hela, wakaahidi itakuwa ya kuandalia nyaraka, na 1971 wateja wao wa kwanza wakawa wachapaji wa idara ya hataza (zile karatasi za kulinda uvumbuzi). Yaani Unix ililipiwa na kazi ya masijala! Sisi makatibu tupewe heshima yetu.

Ila Kiswahili hakikuwemo kwenye hesabu zao. nroff ikifika mwisho wa mstari inakata neno kwa sheria za Kiingereza, na maneno yetu yalivyo marefu, hawakutufahamisha, yaliyokubaliwa, inayakata mahali ambapo mwalimu wa darasa la tatu angekuchapa. Nikaweka .nh isikate kabisa, sasa ikawa inanyoosha kingo za kulia kwa kujaza nafasi, mistari mingine ina mapengo unaweza kupitisha bajaji, nikaongeza .na kingo zibaki zilivyo na hapo ndo ukurasa ukatulia. Kingine ni ile alama ya juu, katikati ya ng'ombe haina shida, ila mstari ukianza nayo nroff inadhani ni amri na mstari wote unapotea. Mwenyekiti alisema 'Faini italipwa', kauli yake ikiangukia mwanzo wa mstari ndo imeenda, faini yenyewe hewani! Unatanguliza \& inakaa sawa.

Kitu nitakachobaki nacho ni kuandika kila sentensi kwenye mstari wake, Brian Kernighan wa Bell Labs aliwashauri hivyo wanaoanza Unix miaka ya 70, maana kurekebisha mstari mmoja ni rahisi na nroff itaziunganisha yenyewe. Unaiona sentensi iko peke yake, ndefu kupita kiasi inajianika.

Mama mwenyekiti kaisoma leo asubuhi kasema, "Mwanangu, hii umechapia taipureta ya nani?" Kasaini lakini. Sasa kuna michango na mikopo ya wanachama, hiyo inataka jedwali, nimeona kuna tbl ya Mike Lesk, wikiendi naiingia.