Kumbukumbu ya mradi: kamera na kipima maji shambani karibu na Garsen

Lengo la mradi huu ni kwamba Mto Tana ukifurika, asiwepo mtu wa kubaki shambani kwa sababu ya kulinda mali. Shamba la familia liko karibu na Garsen, nami naishi Mombasa. Novemba 2023, mvua za El Nino zilipoikata barabara ya Garsen kwenda Lamu, mjomba wangu aliwavusha watoto na mbuzi hadi mahali palipoinuka, kisha akarudi peke yake kulala kwenye dari ya ghala lenye pampu ya petroli, magunia ya mahindi na mabati ambayo hayajaezekwa. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipokuja, alifanya vivyo hivyo. Si ukaidi. Pampu ile ndiyo itakayoirudisha familia kwenye kilimo maji yakishakauka, na boma lililohamwa huwavutia wezi wanaokuja kwa mitumbwi. Nilipomuuliza anabaki ili afanye nini hasa, alinijibu kwamba anataka kujua maji yamefika wapi na ni nani aliyeingia. Hayo mawili ndiyo niliyoamua kuyakabidhi kwa vifaa.

Januari: umeme

Nilianza na umeme, kwa kuwa kamera isiyo na chaji siku ya tatu ya mawingu haina faida yoyote. Kamera yenye laini ya simu, pamoja na kipima maji, hutumia kwa wastani wati 3, yaani takriban wati-saa 72 kwa siku. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 20 huhifadhi wati-saa 256, kwa hiyo mfumo unaweza kukaa zaidi ya siku tatu bila jua hata kidogo. Paneli ni ya wati 40. Kisanduku cha betri nimekifunga juu ya mstari wa matope ambao mafuriko ya 2024 yaliuacha kwenye ukuta wa ghala. Mstari huo bado unasomeka vizuri, rangi ya chai ya maziwa, na ndio kipimo ninachokiamini kuliko ramani yoyote.

Februari: kipima maji

Kipimo hiki hakikuwekwa ili kitupe tahadhari ya mapema. Mabwawa ya juu, kuanzia Masinga lililokamilika 1981 hadi Kiambere, yanapojaa na kumwaga maji, matangazo hutolewa kwa wakazi wa chini, na maji huchukua siku kadhaa kupita Garissa hadi kufika kwetu. Redio inatosha kwa hilo. Tulichokikosa ni habari za saa za mwisho: je, maji yameingia kwenye mkondo ulio kando ya shamba letu, au bado?

Kifaa kimefungwa juu ya nguzo. Hutuma mlio usiosikika na sikio la binadamu, kikangoja mwangwi urudi kutoka kwenye uso wa maji, kisha kikapiga hesabu ya umbali. Mwendo wa sauti hewani hubadilika kulingana na joto: kwenye nyuzi 25 ni kama mita 346 kwa sekunde, na kwenye nyuzi 35 ni kama mita 352. Tofauti hiyo, kwa umbali wa mita 3, inaleta kosa la takriban sentimita 5, kwa hiyo kando yake nimeweka kipimajoto kidogo ili hesabu irekebishwe. Magugu na matawi yanayoelea hurudisha mwangwi wa uongo. Kifaa huchukua vipimo vingi mfululizo, kikavipanga na kuchagua cha katikati. Nguzo nimeipaka alama mbili, ya njano na nyekundu, ili jirani akipita aweze kulinganisha kwa macho.

Machi: kamera

Kamera huamshwa na sensa inayotambua mwendo wa kitu chenye joto tofauti na mazingira yake. Mchana wa Garsen, hewa inapofikia nyuzi 35, ngozi ya mtu na ukuta ulio nyuma yake huwa na joto linalokaribiana, na sensa humkosa mtu anayetembea waziwazi mbele yake. Usiku hufanya kazi vyema. Humnasa zaidi anayekatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine kuliko anayeijia moja kwa moja, kwa hiyo nimeigeuza ielekee ubavu wa mlango wa ghala. Taa zake za usiku ni za nanomita 940 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga): hazifiki mbali kama za nanomita 850, lakini hazionyeshi ule wekundu hafifu unaoifichua kamera gizani.

Jambo lililonichukua muda zaidi ni mtandao. Mafuriko yanapokata barabara, dizeli haifiki kwenye minara ya simu, na mnara unaobaki hewani huelemewa na watu wanaotafuta ndugu zao. Video haipiti hapo. Ndiyo maana mfumo hutanguliza ujumbe mfupi wa maandishi, ambao huhitaji nafasi ndogo sana ya mtandao. Picha moja ndogo hufuata iwapo bando linaruhusu, na video zote hubaki kwenye kadi ya kumbukumbu hadi tutakapozifuata wenyewe.

Droni niliifikiria nikaiacha. Inahitaji kibali, na mvua na upepo ndizo hali ambazo ingehitajika kurukia.

Aprili: picha za watu

Njia inayopita mbele ya ghala ni ya wote: kina mama wanaokwenda mtoni, na wafugaji wanaopeleka ng'ombe kwenye malisho. Hili ni eneo lililozika watu zaidi ya 100 katika machafuko ya 2012 na 2013 kati ya wakulima na wafugaji. Picha ya mtu na ng'ombe wake usiku wa mafuriko, ikirushwa kwenye kundi la simu na maneno mawili ya hasira, inaweza kuleta hasara kubwa kuliko pampu kumi. Mtu huyo pengine anatafuta mahali pakavu tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka picha ya mtu ishughulikiwe kwa uangalifu, lakini hata isingekuwepo ningefanya nilivyofanya: kamera haioni njia, inaona mlango peke yake, picha zinatufikia mimi, mjomba na mzee wa kijiji, zisizo na jambo zinafutwa. Kipaza sauti cha kufukuzia watu kwa mbali nimekizima kwa sababu hiyohiyo.

Nilimwonyesha mjomba picha ya kwanza ya usiku. Aliitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, hii inaniambia mtu yupo, lakini haiwezi kumtoa." Nikamjibu, "Ni kweli, mjomba, wala wewe sitaki uende kumtoa." Ni hapo tulipokubaliana utaratibu: ujumbe kwamba maji yamegusa alama ya njano ukifika, pampu inapandishwa darini na kufungwa kwa mnyororo, namba yake tumeshaiandika, na kila mtu anaondoka, yeye akiwemo. Baada ya alama nyekundu harudi mtu. Picha ikionyesha mgeni ndani, anaarifiwa mzee wa kijiji, na jirani mwenye mtumbwi atakwenda kuangalia mchana tu, maji yakiwa yametulia.

Kazi iliyobaki kabla ya mvua za vuli ni kuongeza laini ya kampuni ya pili, ili mnara mmoja ukizimika ujumbe upitie mwingine, na kumfundisha binamu yangu wa huko huko kufuta utando wa buibui kwenye kioo cha kamera, ambao usiku hung'aa na kuifunika picha yote.