Siku yangu ya kuwatembeza wageni chuoni Bagamoyo

Saa 11 na nusu alfajiri niko macho. Sala, chai na vitumbua, bodaboda, na kabla ya saa 2 nimeshafagia sehemu ya mazoezi. Kazi yangu ni kuwapokea vijana wanaofikiria kujiunga na TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni hapa Bagamoyo, na kuwaonyesha chuo. Wengi wakisikia hivyo hudhani nashinda nikipunga upepo wa bahari.

Saa 2 ni ya ngoma. Usiku wa pwani una unyevu, ngozi zinalegea, na ngoma iliyolegea ukiipiga ni kama unagonga godoro. Tunawasha makuti nje, tunaziinamisha kuelekea motoni. Mkono mmoja unageuza, vidole vya mkono wa pili vinagonga ukingoni huku sikio likifuatilia sauti inavyopanda. Ukizidisha moto, ngozi inapasuka, na ngozi ni pesa. Moshi wote unaishia machoni na kwenye mtandio.

Saa 3 ndiyo tuliyoahidiana na shule moja ya Dar es Salaam. Saa 3 kimya. Saa 4 napiga simu, mwalimu wao ananiambia, "Dada, tuko Bunju." Saa 5 kasoro robo, bado Bunju, foleni. Mkufunzi aliyekubali kuwapigia zeze ana kipindi, hawezi kungoja. Mama wa chakula anauliza kama aubandike wali au asiubandike. Ngoma zimepoa, tunawasha moto upya. Basi linaingia saa 6 imeshapita, jua la utosi, watoto wana njaa, na mwalimu hajashuka vizuri anasema, "Fupisha tu, tuwahi kurudi." Hakuna pole. Ziara niliyoipangia asubuhi nzima naambiwa niibane kwenye saa moja na nusu!

Nikaibana. Historia niliipitia haraka: chuo kilianza mwaka 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kikawa TaSUBa 2007, ukumbi wa maonyesho uliungua 2002, ukajengwa mwingine. Vijana macho yao yako kwenye kamera na studio, na siwalaumu. Lakini kwenye ilimba ya Wagogo, ala ya sanduku lenye vyuma vinavyochezwa kwa vidole gumba, sikukubali kupita mbio. Niliwaonyesha tundu kwenye sanduku lake, lililozibwa kwa utando wa buibui, ndio unaoleta ule mvumo wakati vyuma vinapochezwa. Wakasogea wote. Nikawatajia Hukwe Zawose, Mgogo aliyekuwa msanii wa chuo hiki, akaizunguka dunia na ala hizi hadi alipofariki mwaka 2003. Wengi hawakuwahi kumsikia. Jambo hilo huniuma kila mara.

Nyuma ya basi alikuja baba mmoja na gari lake, kumleta binti yake. Alinifuata kila kona.

"Hivi binti, mtu akimaliza hapa anaajiriwa wapi?"

Nikamweleza: kufundisha, filamu, sauti na taa za jukwaani, vikundi vya utamaduni. Tukifika chumba kingine, swali lile lile. La tatu akalisema mbele ya watoto wote: "Nimlipie ada mtoto wa kike aje kupiga ngoma?"

Nilikuwa na kiu, miguu inawaka, sauti inakwaruza. Nikasema, "Mzee wangu, kwa heshima zote, kule Dodoma ngoma ya muheme wapigaji wake ni wanawake." Nikaishika moja, nikaibana mapajani, nikapiga. Nilipiga kwa hasira, nasema kweli, na nilipiga vizuri. Miaka 3 ya stashahada yangu iko kwenye viganja hivi. Binti yake akaomba ajaribu, nikampisha. Baba akatazama simu. Hakusema vizuri wala vibaya.

Sijui waliondoka saa ngapi. Nakumbuka kurudisha ala mahali pake, kufuta vumbi, kula wali wa baridi nimesimama. Mazoezi ya kikundi changu jioni yalikuwa pale pale, na huko hakuna anayekuuliza umeshindaje.

Kuongoza ziara ni kubeba heshima ya fani nzima mdomoni. Mtoto akitoka hapa anaamini sanaa ni ya walioshindwa shule, huyo tumempoteza, na nyumba nzima pamoja naye.

Usiku, sauti imekatika, nakunywa chai ya tangawizi, simu inaita. Ni mama mmoja wa Msata, mwanawe amemaliza kidato cha 4, anaona haya kuuliza kama alama zake zinatosha. Nikamwambia kwa sauti iliyobaki: kwa kuanzia astashahada anahitaji ufaulu wa masomo manne, kuanzia D, na masomo ya dini hayahesabiwi. Aje naye, asubuhi nipo.