Uvimbe kushoto kwa saa ya spidi

Jana mtoto wa ndugu yangu kapanda kwenye lori letu la Bedford, kakamata usukani, kaminya honi isiyolia, halafu kidole chake kikaenda pale pale penye uvimbe wa dashibodi.

"Ami, mbona hapa pamevimba?"

Akabonyeza. Pakatoa mlio wake ule ule, tap, kama dumbaki iliyolegea ngozi. Nikamwambia ni hewa. Akataka kujua imeingiaje.

Iliingia masika, siku tulipoivisha dashibodi leksini mpya, ile ngozi bandia ya plastiki. Kwetu Pemba lori halipumziki karafuu zikishaanza kuchumwa, kwa hiyo matengenezo yote husukumwa nyuma mpaka yanaangukia mwezi wa nne na wa tano, ndiyo mvua yenyewe. Kwa breki na springi si neno. Kwa gundi ni balaa.

Leksini ya zamani ilikuwa imekauka na kupasuka mapande kama tope la bwawa. Watu husema jua limeila. Jua ndiyo, lakini kinachoondoka hasa ni yale mafuta yanayochanganywa kwenye plastiki ili iwe laini. Joto la nyuma ya kioo huyatoa kidogo kidogo. Ule utando wa kunata unaoufuta ndani ya kioo cha mbele, sehemu yake ni hayo. Yakishatoka hayarudi. Wanaopaka mafuta ya nazi wanalisha vumbi tu, na siku ya kubandika upya gundi haishiki palipopakwa.

Kufungua nakupitisha mbio: waya hasi wa betri kwanza, kebo ya saa ya spidi inafunguliwa kwa mkono kutoka nyuma, kila waya unafungwa uzi wa rangi yake kabla haujachomolewa. Bati la dashibodi hatukulitoa. Tulifanya kazi humo humo, mtu kichwa chini ya usukani, miguu nje ya mlango.

Chini ya leksini palikuwa na sponji, na chini ya sponji kutu. Sponji kwenye hewa yetu ya chumvi hunywa unyevu na kuushikilia juu ya bati mwaka mzima. Fundi, mzee wa viti na makochi, akaing'oa yote, akasema hairudi. Nilikubali, na mpaka leo nakubali, ila ina gharama yake: leksini ikilala moja kwa moja juu ya bati huonesha kila kijiwe. Kwa hiyo brashi ya waya, msasa namba 80, puti kwenye mashimo, msasa namba 180, kisha rangi nyekundu ya kuzuia kutu mikono miwili, yaani tabaka mbili. Siku tatu haikuguswa, maana dawa iliyomo kwenye gundi huinua rangi mbichi.

Leksini aliipima kwa karatasi ya mfuko wa saruji, akaacha sentimita 5 za ziada kila upande. Kabla ya kununua alikuwa ameivuta dukani kwa mikono miwili, huku na huku. Yenye kitambaa cha kufumwa kama fulana mgongoni hunyumbuka. Yenye kitambaa cha kusukwa kama shuka haitoi kitu, hiyo ni ya kutandika mezani.

Siku ya kubandika kulikucha na manyunyu. Gundi ile ya manjano ya mafundi viatu inapakwa pande zote mbili, nyembamba. Kitambaa cha mgongoni kinapewa mikono miwili kwa sababu wa kwanza kinaunywa. Halafu unangoja dakika 10 mpaka 15, ukigusa kwa mgongo wa kidole isivute nyuzi. Tukangoja. Nikaona bati likipauka. Weupe mwepesi, kama pumzi juu ya kioo, ulianzia kushoto kwa tundu la saa ukatambaa. Dawa ya gundi ikiruka huondoka na joto, bati linapoa kuliko hewa, na hewa ya masika iliyoshiba maji inatua juu yake.

"Umande huo," mzee akasema. "Tungoje jua, tupake tena."

"Mzee wangu, kesho kutwa gari lina mzigo."

Hakunijibu. Akanipa kitambaa kikavu, nikafuta. Kisha akatandaza karatasi ya saruji juu ya gundi ili leksini isishike kabla ya wakati, akailaza leksini juu yake, na mimi nikawa naivuta karatasi kidole kwa kidole huku yeye akikandamiza kwa mgongo wa mwiko. Alianzia kwenye bonde la katikati, akatoka kwenda kwenye kingo. Ukianzia kingo, leksini inaruka bonde kama daraja na huirudishi tena. Karatasi ilikuwa ikilia taratibu. Kila inapotoka, gundi kwa gundi inashikana papo hapo, hakuna kusogeza. Tulipofika kushoto kwa saa ile sauti ya kunata ikapungua. Alisikia. Nilisikia. Mwiko ukapita.

Tundu za saa tulizikata kesho yake, alama ya msalaba kisha pembe zikakunjwa ndani. Uvimbe ulitoka mwezi wa tisa, joto lilipoanza kupanda.

Mzee alikuja kuuona, akaugonga kwa ukucha, akaomba chai. Sijui kama alininyamazia kwa hasira au kwa adabu.

Mtoto alipendekeza tutoboe kwa sindano, tumimine gundi. Nikamweleza kuwa gundi hii bila hewa haikauki, itabaki uji mle ndani. Linalowezekana ni kutoboa, kuweka kitambaa, kupitisha pasi ya uvuguvugu iamshe gundi ya zamani, kisha kukandamiza mpaka ipoe.

"Basi nikalete pasi?"

Nje kulikuwa kunanyesha. Nikamwambia tungoje jua.