Tovuti ya darasa isiyomalizia mzazi bando

Tovuti nyingi za darasa zinakufa kabla muhula haujafika katikati, na mara nyingi kinachoziua ni uzito. Mwalimu anapiga picha kumi za madaftari, kila moja MB 4, anazipandisha zilivyo. Mfumo mwingine huzipunguza wenyewe, mwingine hauzigusi. Mama anayeanika dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza, anafungua kwa bando la siku, MB 40 zinakatika na hajaona kitu. Hafungui tena, na ana haki. Punguza kila picha ifike KB 150 hivi, zote kumi ziwe MB 1.5.

Halafu kuna maneno yenyewe. "Wiki hii tumejifunza Hisabati na Kiswahili" haimsaidii mtu. Andika mada, mfano mmoja, na swali la kumwuliza mtoto nyumbani: "Tunajumlisha sehemu zenye asili tofauti. 1/2 + 1/3 = 5/6. Mwulize kwa nini jibu si 2/5." Hapo hata mzazi aliyesahau hesabu zamani ana pa kuanzia, maana mtoto akishindwa kueleza, tatizo limeonekana wiki hiyohiyo, si siku ya ripoti. Mistari sita kwa somo inatosha. Weka siku moja isiyobadilika, Ijumaa saa kumi jioni kwa mfano, na habari mpya ikae juu kabisa.

Kwenye Google Sites, huduma ya bure ya kutengeneza tovuti, kuna mtego: ukihariri, mzazi anaendelea kuona ukurasa wa zamani mpaka ubonyeze tena kitufe cha kuchapisha. Ukimaliza, fungua kiungo kwenye simu ambayo haijaingia akaunti yako. Ikidai nywila, bado hujaruhusu watu wote kuona.

Alama za mitihani zenye majina zisikae humo kabisa, wala picha ya sura ya mtoto bila ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Tangu 2022 Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kazi ya daftari ipige picha jina likiwa limefunikwa.

Wazazi wenye vitochi, simu ndogo zisizofungua tovuti, je? Hao wapo kila darasa, Igoma hadi Ukerewe. Wafupishie ukurasa uleule uingie kwenye meseji moja, herufi 160: "Wiki hii: sehemu, 1/2 + 1/3. Mwulize mtoto kwa nini si 2/5. Jumatatu aje na rula."