Mstari wa Pili wa Makapi

Ukifika kisiwani kupiga kambi, usitue mzigo kwanza. Tembea kando ya maji utafute mistari miwili ya makapi, yaani takataka zinazoachwa na maji ufukweni. Wa chini ni mbichi: mwani bado una unyevu, na viroboto wa mchanga wanaruka ukiuinua. Hapo ndipo maji yalipofika yalipojaa mara ya mwisho. Wa juu umekauka, una vijiti vilivyopauka na vifuniko vya chupa. Huo ni wa bamvu, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Hema likae juu ya huo wa pili, tena ongeza hatua kumi, maana upepo unaovuma kutoka baharini huyasukuma maji yakapita hapo. Anayefika wakati wa maji mafu, yasiyopanda sana, ndiye anayeponzwa: pwani inaonekana pana, na baada ya wiki moja godoro linaelea.

Maji hujaa kwa muda wa saa 6 hivi, lakini si kwa mwendo mmoja. Nusu yake huingia katika saa ya 3 na ya 4. Ndiyo maana watu hukwama kwenye fungu la mchanga. Saa ya kwanza wanaona kama hayaendi.

Vigingi vya kawaida havishiki mchangani. Jaza mchanga kwenye mfuko, funga kamba katikati yake, uuzike kina cha mkono hadi kiwiko, umwagie maji na kuukanyaga. Kamba ikate mfereji mdogo kuelekea hema, isiinuke wima, la sivyo upepo utaung'oa mfuko. Na usipige hema chini ya mnazi, hata kivuli kikushawishi vipi.

Maji ya kunywa weka lita 4 kwa mtu kwa siku, na siku moja ya akiba, kwa kuwa mashua haiwezi kuingia kwenye kina kifupi bahari ikichafuka au maji yakiwa yamekupwa. Zipu ya hema isugue kwa mswaki mkavu kila jioni. Chumvi na mchanga huila meno.

Moto ndio unaoniudhi zaidi. Watu hufukia makaa kwa mchanga wakidhani wameuzima. Mchanga huhifadhi joto kwa saa nyingi, na juu hakuna dalili yoyote, mpaka mtoto apite pekupeku asubuhi. Mwagia maji ya bahari, koroga, mwagia tena, kisha gusa kwa kiganja.